Gemu Inataka Paswadi ya Nini?

Kompyuta ya kwa dada yangu, Ngamiani, ina admin mmoja tu, yaani msimamizi mwenye ruhusa ya kubadilisha chochote ndani yake, naye ni mimi ambaye hata siishi pale. Wapwa zangu kila mmoja ana akaunti yake ya kawaida, na dada vilevile. Paswadi ya admin imo kichwani mwangu na kwenye kikaratasi ambacho dada amekificha mahali ambapo hata mimi sijaonyeshwa. Shemeji alikuwa akiijua zamani. Siku hizi haijui, na sababu yake nitaieleza.

Kuna wanaoniona mkorofi. "Watoto wanacheza gemu tu, unawabania nini?" Mbona wanacheza! Wanacheza mpaka mama yao anazima swichi ya ukutani. Karibu gemu zote walizonazo zinakwenda bila haki za admin, na inayodai kwamba haiwezi, mara nyingi haijui yenyewe inachotaka.

Gemu za mtaani zinafika kwa flashi. Mtoto anatoka kwa rafiki yake na flashi mfukoni, ndani yake mna folda moja kubwa, na ndani ya folda hiyo mna gemu pamoja na kreki, yaani kile kifaili cha kuilaghai gemu ijione imenunuliwa. Pembeni kuna maelezo: zima antivirus, kisha bonyeza kulia, chagua kufungua kama admin. Soma maelezo hayo polepole. Mtu usiyemjua anakwambia umfukuze mlinzi, halafu umfungulie yeye. Aliyewahi kuchomeka flashi akakuta folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato za KB 2, na mafaili yenyewe yamefichwa, anajua ninachokisema. Kirusi kile kikiingia kwenye akaunti ya kawaida kinachafua akaunti hiyo, nami naifuta, naunda nyingine, maisha yanaendelea. Kikiingia na haki za admin, unapiga Windows upya, na picha za harusi za dada ziko kwenye diski hiyohiyo.

Sasa kwa nini gemu itake haki hizo hata kidogo? Chanzo ni cha zamani. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, akaunti uliyoiunda wakati wa kupiga Windows ilikuwa ya admin moja kwa moja. Nyumba nyingi zilikuwa na akaunti hiyo moja, basi. Waliotengeneza gemu nao walikuwa maadmin kwenye mashine zao, wakazijaribu gemu wakiwa maadmin, wakaziuza. Gemu zikazoea kuandika humohumo zilimosakinishwa, ndani ya Program Files. Age of Empires II ya 1999 inaweka michezo uliyoisevu kwenye folda ya SaveGame ndani ya folda yake yenyewe. The Sims ya 2000 inaweka familia zako zote kwenye folda ya UserData, palepale. Diablo II, ya mwaka huohuo (dada hataki hata jina lake litajwe sebuleni), ilikuwa na folda ya Save ubavuni mwa programu, hadi toleo la 1.14 lilipokuja mwaka 2016 likahamishia vitu hivyo kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe.

Program Files ni mahali ambapo mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kusoma na kuendesha programu, ila haruhusiwi kuandika. Gemu inataka kuandika tu kwamba umefika misheni ya tatu, inakataliwa, na pale pale mtu anakwambia "hii inahitaji admin". Ni sawa na mpangaji anayedai hati ya nyumba ili atundike koti. Anachohitaji ni msumari.

Windows Vista, mwanzoni mwa 2007, ilileta kile kidirisha kinachofanya skrini nzima iingie giza na kukuuliza kama unaruhusu. Kwa admin kinauliza ndiyo au hapana. Kwa mtumiaji wa kawaida kinadai paswadi ya admin. Watu walikilaani sana kidirisha hicho. Wengi hawakuona kwamba Vista ilileta na kitu kingine kimya kimya kwa ajili ya gemu za zamani: programu ya biti 32 (aina iliyotangulia za biti 64) isiyojitambulisha kwa mtindo mpya, yaani isiyotaja inataka haki zipi, ikijaribu kuandika ndani ya Program Files, Windows haiikatalii. Inaichukua ile kazi na kuihifadhi kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya AppData ya mtumiaji (folda yake binafsi ya mambo ya programu), kisha inaiambia gemu kwamba mambo yako sawa. Gemu inaamini imeandika kwake. Wala hakuna paswadi iliyoombwa.

Ni ujanja mzuri, ila ukiuvuruga unaleta kizaazaa, na hapa ndipo shemeji anapoingia.

Enzi hizo mashine, Dell OptiPlex ya mtumba iliyotoka Kariakoo, ilikuwa na Windows 7. Mpwa wangu mkubwa alikuwa amezama kwenye kampeni ya Saladin katika Age of Empires II, anacheza kwa akaunti yake, anasevu, kesho anaendelea. Mdogo wake naye anacheza kwa akaunti yake, na hakuna aliyemfutia mwenzake, maana kila akaunti ina VirtualStore yake. Nami nilikuwa safarini. Mashine ikawa nzito, shemeji akaita fundi. Fundi akasafisha alichosafisha, na kabla ya kuondoka akaona gemu, akawafanyia watoto hisani: akaenda kwenye sifa za ikoni, akaweka tiki ya kuifungua kama admin kila mara. "Sasa haitasumbua."

Jioni hiyo gemu ikaanza kusumbua. Kwanza ikadai paswadi kila inapofunguliwa, kwa hiyo shemeji akawa anaitwa katikati ya taarifa ya habari. Anakuja, anaandika, anarudi kwenye kochi, anaitwa na wa pili. Baada ya muda akachoka, akawatajia watoto paswadi yenyewe. La pili lilikuwa baya zaidi kwa wenyewe: Saladin hayupo. Michezo yote iliyoseviwa imetoweka. Mkubwa akamshuku mdogo. Mdogo akaapa. Palikuwa na kilio pale, na mpaka leo wawili hao hawajakubaliana nani alimrushia nani kandambili.

Niliporudi nikaifungua folda ya gemu kwenye Program Files, nikaingia SaveGame, nikakuta michezo mipya michache tu, ile ya baada ya fundi. Lakini Windows 7 ilikuwa na kitufe kwenye upau wa juu wa dirisha la mafaili, ambacho kinatokea pale tu panapokuwa na mafaili yaliyohamishwa: "Compatibility files". Nikaingia kwa akaunti ya mkubwa, nikafungua folda ileile, kitufe kikajitokeza. Nikabonyeza. Dirisha likaruka moja kwa moja mpaka VirtualStore, na Saladin wote wakajipanga pale na majina yao ya ajabu ajabu, mmoja umeandikwa "usiguse".

Kilichotokea ni hiki. Gemu ikifunguliwa kama admin, Windows haiichezei tena ule ujanja. Inaiacha iandike na kusoma Program Files ya kweli. Humo hamna kitu, kwa sababu siku zote ilikuwa ikiandikia VirtualStore bila kujua. Mafaili hayakufutwa, gemu ndiyo iliyoelekezwa kabati jingine. Na tangu hapo watoto wote wawili wakawa wanaandika kwenye folda moja, juu ya michezo ya kila mmoja. Nikaitoa ile tiki, nikabadilisha paswadi, na shemeji akasema afadhali, alikuwa amechoka kuwa mlinzi wa geti.

Kama una gemu ya zamani na michezo uliyoisevu imepotea ghafla, usimpige mtoto. Andika hii kwenye upau wa anwani wa dirisha la mafaili, ukiwa kwenye akaunti ya mchezaji:

%LOCALAPPDATA%\VirtualStore

Kwenye Windows 10 na 11 kitufe kile sijakiona tena, ila folda ipo na inafanya kazi ileile kwa gemu za biti 32 za namna hiyo. Kwa za biti 64 haipo kabisa. Hizo zikikataliwa, zimekataliwa.

Siku hizi sitegemei tena VirtualStore. Nina folda moja, C:\Gemu, na chochote cha zamani nakisakinisha humo, nje ya Program Files. Folda unayoiunda kwenye mzizi wa C, kwa mipangilio ya kawaida ya Windows, watumiaji wote wenye akaunti wanaruhusiwa kuandika ndani yake. Basi. Huo ndio msumari wa koti. Nusu ya gemu zilizokuwa zikidai admin zilinyamaza siku nilipozihamisha. Mashine ikiwa imebanwa zaidi, admin anaweza kutoa ruhusa hiyo kwa amri moja:

icacls C:\Gemu /grant Users:(OI)(CI)M

Yale mabano yanasema ruhusa ishuke hadi kwenye folda na mafaili yote ya ndani, na M ni ruhusa ya kubadilisha. Kuna sharti moja ambalo wanaoeleza jambo hili hulisahau: folda ambayo kila mtu anaweza kuandika, kila mtu anaweza pia kuibadilishia programu iliyomo. Kwa hiyo mimi admin sifungui chochote kilichomo C:\Gemu kwa haki za admin. Naingia kwa akaunti ya kawaida nami nacheza humo kama wengine.

Ikoni yenye ngao ndogo ya buluu na njano ni habari nyingine. Hapo gemu yenyewe imeandikwa ndani yake kwamba idai haki za admin, au Windows imekisia. Ndiyo, inakisia: faili la biti 32 lenye jina kama setup au install au update Windows inalichukulia kuwa ni la kusakinisha, inaomba paswadi hata kama limebeba picha za paka. Kwa gemu ambayo nina hakika inadai tu kwa mazoea, naandika faili dogo la bat (faili la amri, unalibonyeza zinajiendesha) kwa Notepad na kuliweka ubavuni mwake:

set __COMPAT_LAYER=RunAsInvoker
start "" "mchezo.exe"

Mistari miwili midogo ya chini mbele ya COMPAT isikuponyoke, ni miwili kweli. Maana yake unaiambia Windows: iendeshe kwa haki za huyu aliyebonyeza, usiombe zaidi. Haimpi mtoto uwezo wowote asiokuwa nao. Ikiwa gemu inahitaji kweli kugusa mahali palipofungwa, itafunguka na kufa baadaye, na hapo umepata jibu lako. Lakini nyingi zinafunguka na kucheza kana kwamba hazikuwahi kuomba kitu. Inachekesha na inaudhi kwa pamoja.

(Wanaotaka kufanya haya kwenye kompyuta ya ofisini au ya maabara ya shule: mashine ile ina mwenyewe, na mwenyewe ameshasema hapana. Mchana ndiyo kazi yangu kuwa huyo mwenyewe. Tusitafutane.)

Kilichonitoa jasho kuliko vyote ni kucheza wawili wawili kwa waya. Mtoto wa jirani alikuja na laptopu, wakaunganisha na OptiPlex kwa kebo ya mtandao, gemu ikafunguka pande zote mbili, na laptopu haikuuona mchezo ulioanzishwa kwenye OptiPlex hata kwa dawa. Ukiwa admin, gemu inapotaka kupokea wageni kwa mara ya kwanza, ngome ya Windows (firewall) inakuuliza kama uiruhusu. Kwa mtumiaji wa kawaida mara nyingi haiulizi. Inaweka kanuni ya kuzuia, kimya kimya, na haitamuuliza tena. Dawa yake ni admin kuingia kwenye mipangilio ya ngome, kufungua kanuni za wanaoingia, kuzitafuta zenye jina la gemu na alama nyekundu, kuzifuta, na kuandika moja ya kuruhusu kwa mtandao wa nyumbani tu. Hapo haki za admin zinahitajika kweli, mara moja, na anayezitumia ni mtu mzima anayejua anachofungua. Sina ugomvi na hilo.

Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, nayo iko kwenye kundi hilo. Kuisakinisha kunataka admin mara moja. Baada ya hapo ina huduma yake inayokaa nyuma ya pazia na haki za mfumo, inayowawekea watoto vikorokoro vya Visual C++ na DirectX bila kuniita. Folda yake, ingawa imo ndani ya Program Files, imeachwa wazi kwa watumiaji. Ni raha, lakini raha hiyo ina bei: mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba huduma hiyohiyo ilikuwa na tundu lililomwezesha mtumiaji wa kawaida kujipandisha hadi haki za mfumo. Liliziba. Nilisasisha, nikaiacha.

Ninapogoma ni kwenye gemu zinazotaka kuingia ndani kabisa ya kiini cha Windows. Valorant, iliyotoka 2020, inakuja na Vanguard, mlinzi wa kuzuia udanganyifu mchezoni ambaye draiva yake (programu inayofanya kazi ndani ya kiini hicho) inaamka pamoja na kompyuta, kabla mtoto hajagusa gemu. League of Legends iliwekewa hiyohiyo 2024. Sababu yao naielewa, wachezaji wadanganyifu nao wanaingia ndani hukohuko. Ila kwenye mashine ya familia, yenye picha za harusi na risiti za duka la dada, mlinzi wa mchezo mmoja hawezi kupewa nafasi ya chini ya sakafu. Mkubwa alinuna. Anaichezea kwa rafiki yake.

Na kuna zile ambazo hata ungekuwa admin wa dunia hazitakwenda: CD za zamani zenye SafeDisc, kinga ya kuzuia kunakili. Kinga ile ilitegemea draiva iitwayo secdrv, na Windows 10 ilipotoka 2015 ikaiacha nje kwa sababu za usalama. Mtu anaweza kubonyeza "kama admin" mpaka kidole kiote sugu. Tatizo si ruhusa.

Upande wa pili kuna Roblox, ambayo haiombi paswadi ya mtu yeyote. Inajisakinisha kwenye AppData ya mtumiaji mwenyewe, ndani ya akaunti yake, bila kugusa Program Files. Kwa usalama wa mashine, safi kabisa. Kwa bando la dada, balaa: kila mtoto ana nakala yake, na toleo jipya likitoka, nakala zote zinajishusha upya, moja baada ya nyingine, kwa simu ya mama yao iliyowashwa hotspot. Siku alipogundua bando la wiki limekwisha Jumanne, nilipigiwa simu mimi, admin.

Kwa hiyo nawasukumia zile zinazobebeka. OpenTTD ina toleo la zip: unalifungua kwenye folda, unabonyeza, unajenga reli. Luanti, ile iliyokuwa ikiitwa Minetest hadi 2024, nayo ni zip tu, na kwa mdogo imekidhi kiu ya kuchimba mawe na kujenga minara. DOSBox inaendesha gemu za DOS, mfumo uliokuwapo kabla ya Windows, kutoka hata kwenye flashi, na kwa GB 4 za RAM hizo ndizo gemu zinazokwenda bila kukwama. Hizi zote hazijui admin ni nani.

Sasa hivi kuna jambo jingine linanisumbua. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na OptiPlex ile kwa uzee wake haikubaliki kwa Windows 11. Nimeanza kuijaribu Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye diski ya pili. Huko akaunti ya kawaida ndiyo desturi tangu zamani. Gemu za watoto zinakaa kwenye folda zao za nyumbani, na Wine, ile inayoendesha programu za Windows, yenyewe inapendekeza usiiendeshe kwa haki za mkuu wa mfumo. OpenTTD inakwenda, Luanti inakwenda, Age of Empires bado rangi zake zinanisumbua. Roblox haina toleo rasmi la Linux, na mdogo ameshaniuliza mbele ya mama yake kama Windows itarudi. Dada ndiye aliyejibu kabla yangu, akauliza hiyo Linux inapatikana bure au vipi.